Doa la Mtoto wa Kitanda cha Nne

Katika hospitali ile hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wakubwa kwa wadogo walimwita Bi Nadhifu, naye aliipokea lakabu hiyo kama cheo. Koti lake jeupe lilibaki na mikunjo ya pasi mpaka saa kumi jioni, saa ambayo makoti ya wenzake yalishakuwa kama yamelaliwa. Kalamu zake alizipanga kwa rangi. Ukiingia maabara yake na viatu vya vumbi, alikutazama miguu kwanza, ndipo akakuitikia salamu.

Kazi yake ilikuwa kuhesabu kromosomu, na ukimsikia akiieleza ungedhani anazungumzia kupanga nguo kabatini. Damu ya mtoto inaletwa kwenye kichupa. Inalazwa siku tatu katika kabati la joto ili seli zake zizaliane, kisha zinadondoshwa kwenye kioo, zinatiwa rangi na kupigwa picha kwa hadubini. Ndani ya kila seli mnaonekana vijiti vidogo vyenye mistari mistari. Hivyo ndivyo vinavyoitwa kromosomu, na ndimo yalimo maelekezo yote ya kumjenga mtu, toka kope mpaka kisigino. Wengi wetu tunavyo arobaini na sita, viwili viwili kama soksi. Bi Nadhifu alivitenga kwenye picha, akavipanga jozi kwa jozi, kirefu mpaka kifupi, kisha akaandika kama kuna kilichopungua, kilichozidi au kilichojirudia. Wateja wake wengi walikuwa watoto wachanga waliozaliwa na kasoro fulani ya viungo. Wenyewe hawakuwahi kuja. Ilikuja damu yao tu, kijiko kimoja cha chai.

Sasa, picha za namna hiyo hazitoki safi. Rangi huacha matone, na vumbi nalo halina pa kwenda. Kwa hiyo kabla ya kupanga, mtaalamu hushika kipanya cha kompyuta na kufuta uchafu. Wenzake walifuta makubwa makubwa, wakaendelea na maisha. Bi Nadhifu hakubakiza hata nukta. Picha zake ndizo zilizotundikwa ukutani, ndizo zilizooneshwa wageni wakija, na mkuu wa maabara hakuchoka kuwaambia waajiriwa wapya, "Kajifunzeni kwa yule." Miaka kumi na saba alisifiwa hivyo, na sifa, jamani, zinanoga. Nani atakayesema hakuzipenda?

Jumatano moja asubuhi alimaliza faili la mtoto wa kitanda cha nne. Alikuwa binti wa siku tisa, mzaliwa wa kwanza wa mama aliyekuwa bado anatembea akijishika kiuno. Mtoto alizaliwa njia ya haja kubwa imeziba. Bahati yake, palikuwa na kitundu kingine kidogo, si mahali pake, kilichopitisha choo kwa shida, na kitundu hicho ndicho kilichowapa madaktari muda wa kufikiri. Daktari wa upasuaji alikuwa amempangia Alhamisi, yaani kesho yake.

Lakini daktari yule alikuwa mwangalifu. Mtoto mwenye kasoro moja inayoonekana anaweza kuwa na nyingine iliyojificha, na inayotisha zaidi ni ya moyo. Mashine ya kupiga picha ya moyo ilikuwa moja kwa hospitali nzima, foleni yake majuma matatu, na mtoto huyu kifua chake kilikuwa kimya na rangi yake nzuri. Daktari akaandika kwenye faili, kwa mwandiko ule wao unaosomwa na mfamasia peke yake, kwamba uamuzi utategemea kromosomu. Zikiwa sawa, tunapasua Alhamisi. Zikiwa na walakini, mtoto hapewi dawa ya usingizi mpaka moyo wake uonekane.

Bi Nadhifu aliandika: arobaini na sita, jinsia ya kike, hali ya kawaida. Akasaini. Karatasi ikapanda juu wodini, naye akafungua faili jingine.

Saa sita na nusu mlango ukafunguliwa bila kubishwa hodi, na hapo alijua ni nani kabla ya kugeuka. Alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto wachanga, ambaye pia, kwa mipango ya Mungu, alikuwa wifi yake, dada wa mumewe toka nitoke. Hospitali ilimwita Redio, kwa sababu akiwashwa asubuhi anazimwa jioni. Mawifi hawa hawakuwa wameiva chungu kimoja tangu siku ya harusi, Redio alipowatangazia wageni kwamba bibi harusi amepangusa kiti kwanza ndipo akakikalia. Ilikuwa kweli, na ndiyo maana iliuma.

"Wifi, shikamoo ya viatu vyangu hiyo," Redio akasema, akinyanyua mguu mmoja aonyeshe soli. "Nimevifuta mlangoni. Sasa nisikilize."

"Nina kazi, wifi."

"Na mimi nimetoka kucheza? Mtoto wa kitanda cha nne. Majibu yenu yamekuja, yanasema hana kitu."

"Basi hana kitu."

"Anacho. Mimi ndiye ninayemuogesha. Mbele ya masikio ana vijinyama viwili, vidogo kama punje ya mchele. Na jicho la kushoto, ile mboni nyeusi haikukaa duara, imechuruzika chini kama tundu la kufuli. Mama yake ananiuliza kila siku kama ni kwa sababu alibeba ndoo ya maji akiwa na mimba. Nimjibu nini?"

"Umwambie daktari."

"Nimemwambia. Amesema kromosomu ziko sawa, kesho tunaingia thieta. Mimi siamini."

"Hapa chini hatuamini, wifi. Tunahesabu."

Lilikuwa jibu la kuukata mtu ulimi, na Bi Nadhifu alilifurahia. Akamgeuzia mgongo, akaendelea na picha iliyokuwa mbele yake, ya mtoto mwingine kabisa. Kipanya kikatembea. Nukta moja ikapotea, na nyingine, na nyingine. Redio, ambaye alipaswa kuondoka amenuna, akasogea karibu na kioo cha kompyuta.

"Unafuta nini hapo?"

"Uchafu wa rangi."

"Unajuaje kama ni uchafu?"

"Nina miaka kumi na saba humu."

"Sijasema huna. Nauliza tu, maana mimi nikimuogesha mtoto nikaona doa, nalisugua. Likitoka, lilikuwa uchafu. Kesho nikilikuta palepale, silisugui tena. Hiyo ni alama, kazaliwa nayo."

Redio alisema hivyo kama anavyosema mengine yote, bila kuyapima, na akaanza kueleza habari ya mtoto mwingine mwenye baka mgongoni. Bi Nadhifu hakumsikia tena. Mkono wake ulikuwa umesimama juu ya kipanya. Kuna kitu kidole kilikumbuka kabla ya kichwa. Asubuhi ile, kwenye picha za kitanda cha nne, alikuwa amefuta nukta moja nyeusi, nzito kidogo, pembeni mwa kromosomu. Halafu kwenye picha ya pili akafuta nyingine. Ya tatu vilevile. Kila mara ilikuwa nukta moja, na kila mara ilikuwa na ukubwa uleule.

Akalifungua faili upya. Kompyuta, ashukuriwe aliyeitengeneza, ilikuwa inahifadhi picha za mwanzo kabla hazijaguswa. Seli ya kwanza: nukta ile hapo. Seli ya pili: hapo. Akaikuza. Haikuwa nukta. Ilikuwa na kiuno, ina ncha mbili, ina rangi iliyokolea na kufifia kama kromosomu yoyote, ila ndogo mno, kitinda mimba wa wote. Seli ya tatu, ya nne, ya tano. Alipitia seli ishirini na kuikuta katika kumi na nane. Vumbi halina adabu ya kuingia kila nyumba likakaa moja moja. Akahesabu upya, na hesabu haikuwa arobaini na sita. Ilikuwa arobaini na saba.

Mtoto alikuwa na kipande cha kromosomu kilichojirudia na kujiunga na nakala yake, kikasimama peke yake, na yeye kwa mkono wake alikuwa amekifuta mara kumi na nane ili picha ipendeze. Kesho asubuhi wangemlaza mtoto yule kwa dawa ya usingizi, kwa kuitegemea saini yake.

"Wifi," Redio akasema kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua anayo, "mbona umekuwa hivyo?"

Bi Nadhifu aliichapa picha ile chafu, yenye madoa yake yote, akaichukua hata kabla haijakauka, akatoka. Alipanda ngazi mbili mbili. Wagonjwa waliokuwa wamekaa kwenye mabenchi ya ukumbini wanasimulia mpaka leo kwamba walimwona Bi Nadhifu akikimbia, vifungo wazi, koti linapepea.

Daktari wa upasuaji alikuwa ofisini kwake anakunywa chai, amevua viatu chini ya meza.

"Daktari, majibu ya kitanda cha nne si sahihi. Usimpasue kesho."

Daktari akaweka kikombe chini. "Ile mashine yenu imeharibika tena?"

Mlango ule wa kutokea, wasomaji wangu, ulikuwa mpana, na ulifunguliwa kwa nia njema. Mashine ilikuwa inaharibika kila mwezi. Hakuna ambaye angeuliza zaidi. Bi Nadhifu alifikiria picha zake za ukutani, akamfikiria mkuu wa maabara, akawafikiria wale waajiriwa wapya.

"Mashine ni nzima," akasema. "Ni mkono wangu. Kuna kromosomu ya ziada, ndogo sana. Nilidhani ni uchafu, nikaifuta. Hii hapa."

Daktari aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu, viatu vyake vikiwa bado chini ya meza. Hakumfokea, na hilo lilimuumiza kuliko kufokewa. Alinyanyua simu, akaita chumba cha picha za moyo, na kwa sauti isiyobishiwa akasema kwamba kesho asubuhi, kabla ya yeyote, atapimwa mtoto wa siku kumi.

Moyo ulionekana Alhamisi saa mbili. Mishipa inayorudisha damu kutoka mapafuni ilikuwa imekosea njia na kuingia upande usio wake. Daktari wa moyo alieleza kwa upole kwamba mtoto kama yule anaweza kuonekana mzima, ananyonya, analala, mpaka siku atakapopewa dawa ya usingizi. Baada ya hapo hakumalizia sentensi, na hakuna aliyemwomba aimalizie.

Mambo mengine yalichukua miezi. Maabara ilitumia rangi zinazong'aa, ikathibitisha kwamba kile kipande kilitoka kwenye kromosomu namba ishirini na mbili. Baba na mama nao walitolewa damu, wakakutwa hawana kitu cha namna hiyo. Hakukuwa na ndoo, wala ugomvi, wala dawa ya kikohozi iliyosababisha. Kilikuwa kimetokea tu, mwanzoni kabisa, kabla mama hajajua kama ana mimba. Mtoto alipelekwa hospitali kubwa, moyo ukarekebishwa, akarudi, akanenepa, ndipo daktari wa upasuaji akafanya kazi aliyokuwa ameipanga. Mkuu wa maabara aliandika barua ya onyo kwa Bi Nadhifu, kisha akaweka utaratibu mpya kwamba kila picha ihesabiwe kwanza, ndipo ifutwe. Barua ile Bi Nadhifu aliikunja, akaiweka kwenye droo ya juu. Hakuona kama ameonewa.

Shukrani kwa Redio haikuwa rahisi. Bi Nadhifu aliizungusha mdomoni siku nzima ya Ijumaa kama mtu aliyetiwa dawa chungu. Mwishowe alimfuata kwenye chumba cha kufulia cha wodi, mahali ambapo wifi yake alikuwa anahesabu shuka.

"Wifi, ahsante."

"Nani amesema?" Redio akageuka nyuma, akaangalia dirishani, akaangalia hata chini ya meza. "Nimesikia sauti humu."

"Wifi, usinitese."

"Rudia, hili sikio la kushoto limezibwa na maji ya kuogeshea watoto."

"Ahsante," Bi Nadhifu akasema, na safari hii sauti ikamkatikia katikati. "Usingeshuka juzi, ningeua mtoto wa watu. Nakushukuru. Nakushukuru, wifi yangu, na ule mdomo wako Mungu asikuzibie."

Redio akanyamaza. Ilikuwa mara yake ya kwanza wiki hiyo, na wauguzi wenzake walianza kuwa na wasiwasi juu ya afya yake. Akaweka shuka chini, akamkumbatia wifi yake, koti na mikunjo yake yote ya pasi, na wakalia kidogo pale katikati ya nguo za watoto. Bi Nadhifu alitoka akiwa mwepesi. Alikuwa na deni la shukrani kwa mtu aliyemkwepa miaka yote hiyo, na deni lenyewe lilimpa raha.

Mtoto alipofikisha mwaka na miezi miwili, mama yake alishuka maabara.

Hili halikuwa jambo la kawaida. Watu huwashukuru wakunga, madaktari, hata walinzi wa getini. Maabara haina mgeni. Lakini mama yule aliuliza njia mpaka akafika, mtoto yuko kiunoni, mnono, ana miwani midogo iliyofungwa kwa utepe nyuma ya kichwa, na anavuta kola ya kila anayemfikia.

"Nimeambiwa wewe ndiye uliyeona," mama akasema. "Dada, sijui niseme nini. Kila nikimtazama huyu anapumua, namshukuru mtu ambaye simjui. Nikasema leo lazima nimjue."

Bi Nadhifu akamkaribisha kiti. Angeweza kuipokea shukrani ile. Mama alikuwa anatabasamu, mtoto anagonga meza kwa viganja, na hakuna aliyekuwa karibu wa kumsahihisha. Lakini haikumkaa sawa. Ilikuwa kama amevaa nguo ya mtu.

"Mama, kaa nikwambie ilivyokuwa," akasema. "Kabla ya kuiona, niliifuta."

Akaeleza yote, la nukta, la saini, la wifi yake na doa lisilotoka. Hakupunguza. Akamfungulia zile picha, akamwonyesha kile kijiti kidogo, na jinsi picha ileile ilivyokuwa nzuri bila hicho kijiti. Tabasamu la mama lilikuwa limeondoka mapema. Alimvuta mtoto kifuani, akambana mpaka mtoto akalalamika.

"Kwa hiyo ilibaki usiku mmoja," mama akasema.

"Ndiyo. Ilibaki usiku mmoja."

Bi Nadhifu alijiandaa kwa lolote. Angetukanwa, angeitikia. Mama yule alifuta macho kwa kiganja, akakaza uso.

"Na wengine?"

"Wengine gani, mama?"

"Waliopita kabla ya mwanangu. Uliowafutia."

Katika mwaka ule wote, mkuu wa maabara hakuuliza swali hilo. Daktari hakuuliza. Barua ya onyo haikuligusa. Bi Nadhifu hakuogopa tena. Alikuwa anashukuru kwamba hatimaye kuna mtu ameuliza.

"Kila asubuhi nakuja saa moja kabla ya wenzangu," akasema. "Nafungua picha za zamani kabla hazijaguswa, nahesabu upya. Kuna mafaili elfu mbili na mia saba. Nimefika elfu moja mia moja na arobaini."

"Umeona?"

"Wawili. Mmoja yuko darasa la pili. Tulimwita, tukampima moyo na figo, mzima kabisa, anapenda mpira. Wa pili familia yake ilihama, bado tunaitafuta."

Mama alikitazama kioo cha kompyuta, akamtazama mwanawe. Akavuta kiti mpaka karibu kabisa na meza, akamkalisha mtoto pajani vizuri, kama mtu anayejua kwamba atakaa sana.

"Fungua linalofuata."

Bi Nadhifu akafungua. Hapakuwa na jina, palikuwa na namba tu, na picha yenye vumbi lake lote. Akaanza kuhesabu kwa sauti, akiweka ncha ya kalamu juu ya kila kijiti, na kuanzia cha sita au cha saba mama naye akaanza kuhesabu. Mtoto alitikisa kichwa kwa kila namba, miwani ikimshuka puani. Thelathini. Arobaini. Wakafika arobaini na sita, na hapakubaki kijiti.

Bi Nadhifu akanyoosha mkono kulifunga lile faili. Mama akamshika kifundo cha mkono, taratibu, hakumbana.

"Dada," akasema, "hesabu tena."

Naye akahesabu tena.